Naombeni ushauri: uzamivu (PhD) wa utawala wa elimu nikiwa Pemba

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni mwalimu mkuu msaidizi katika skuli moja huku Wete. Uzamili wa uongozi wa elimu nilimaliza, sasa nataka kuendelea na uzamivu, na nimekwama kwenye kuchagua.

Ninachotaka kukitafiti kipo mbele ya macho yangu kila siku. Skuli yetu ina mikondo miwili. Wa asubuhi hawajatoka vizuri, wa mchana washajazana mlangoni na mikoba yao, na dawati moja linapata mwenyewe mwengine likiwa bado na joto. Ukifika msimu wa karafuu, daftari la mahudhurio linajaa alama za kutokuwepo. Nataka kujua mwalimu mkuu anaongozaje katika hali hiyo, kwani mengi tuliyosoma darasani yanachukulia kwamba skuli ina mkondo mmoja tu.

Chuo Kikuu Huria naona kitaniruhusu nibaki kazini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina njia ya tasnifu pekee (utafiti na kuuandika tu, bila masomo ya darasani) na njia ya masomo pamoja na tasnifu, lakini nina watoto watatu na mama yangu ni mgonjwa. Kuvuka bahari mara kwa mara ni gharama.

Waliopita njia hii, hasa mlioajiriwa serikalini: ruhusa ya masomo mliiombaje? Msimamizi mlimtafuta kabla ya kuomba nafasi au baada? Na kwa mwenye tajiriba ndogo ya takwimu kama mimi, tasnifu pekee si hatari?