Coaster niliyoigeuza nyumba: upepo nijaze ngapi?

Kambi_Popote: Wakuu, habari. Coaster yangu nimeiwekea vitanda, jiko na betri za sola. Jumamosi tunatoka Dar kwenda Iringa. Mafundi wa matairi kila mmoja na PSI yake (kipimo cha upepo): 60, 75, 90. Nimejaza 90 kote, inarusha mpaka sufuria zinatoka kabatini. Matairi 7.00R16, ubavuni 117/115. Mizani ya kokoto imesoma mbele kilo 1,880, nyuma 3,420, gari zima 4,960.

Bonge_la_Dili: Jaza naitrojeni usahau.

Geji: Hewa ya kawaida ina naitrojeni 78% tayari. Kambi, 117 ni kilo 1,285 kwa tairi la peke yake, 115 ni kilo 1,215 kwa kila tairi la pacha, yaani mawili yaliyobanana upande mmoja kama ya nyuma. Huo ndio mwisho wake. Mzigo ukiwa pungufu, PSI unaisoma kwenye jedwali la aliyetengeneza tairi, siyo kwa fundi. Maji ulipima nayo?

Kambi_Popote: Maji si mengi.

Geji: Lita ngapi?

Kambi_Popote: Tangi la 400. Lilikuwa tupu. Lipo mita 1.2 nyuma ya ekseli. Fundi keshachomelea, silitoi. Nitajaza nusu.

Geji: Nusu ndiyo yanacheza zaidi kwenye kona, labda tangi liwe na vizuizi ndani. Ekseli zikiachana mita 4, likijaa linaongeza nyuma kilo 520, maana mbele panainuliwa, panapungua kilo 120.

Mama_Kisiki: Mnajaza magari kama ghala, likipinduka mnasema shetani.

Bonge_la_Dili: Na kodi ya nyumba anamlipa nani, trafiki?

Kikokotoo: Jumlisheni basi. 1,880 na 3,420 ni 5,300, yeye kasema 4,960. Chai hii. Hana Coaster wala toroli.

Kambi_Popote: Risiti ninayo!

Springi7: Si lazima iwe chai. Ekseli moja ikikaa juu kuliko nyingine, mzigo unahama. Ukikanyaga breki, springi zinabana na mizani inadanganya. Rudia: maji na mafuta yamejaa, abiria wote ndani, gia huru, breki umeachia. Anza na mbele, kisha gari zima, kisha nyuma. Kama pembeni pa mizani pamelingana nayo, pitisha upande mmoja tu. Wenye jiko na betri ndio huzidi. Uzito wa upande mzito ndio wa kutumia: mbele tairi moja, nyuma gawa kwa mbili. Matairi ya ekseli moja yote yajazwe sawa, asubuhi kabla gari halijatembea. Yakishapata moto usipunguze.

Kambi_Popote: Sawa, kesho narudi mizani. Ila tangi linabaki.

Geji: Libaki. Valvu za matairi ya ndani, ya nyuma, umezirefusha? Tairi la ndani likiisha upepo huoni, la nje linabeba peke yake.

Kambi_Popote: Kwani ya ndani nayo yanajazwa?

Kikokotoo: 😂 Nafuta kauli. Huyu Coaster anayo.