Walijuaje VVU vilianza kusambaa Kinshasa miaka ya 1920?

Fundi_Maabara: Wakuu, kazi yangu ni kupima damu kila siku, lakini juzi mpwa wangu wa kidato cha tano kanikwamisha. UKIMWI ulitambuliwa Marekani 1981. Sasa nani alikuwa Kinshasa 1920 akapima? Nikabaki nameza mate.

Mzee_wa_Darubini: Hakuna aliyepima, mkuu. Virusi vikijinakili hukosea herufi za vinasaba vyao, na VVU ndiyo usiseme. Kosa la anayenakili daftari hurithiwa na anayenakili kwake. Zipo sampuli mbili za Léopoldville, Kinshasa ya leo: damu ya 1959, na kipande cha tezi ya mwanamke cha 1960 kilichogandishwa ndani ya nta. Mwanasayansi Michael Worobey na wenzake walilinganisha virusi vilivyomo humo 2008, wakakuta tofauti ya karibu asilimia 12. Ndugu hawatofautiani hivyo kwa miaka miwili mitatu! Ukijua kasi ya makosa, unahesabu kurudi nyuma hadi kwa babu yao.

Fundi_Maabara: Kumbe! Nasi tunatupa vipande vya nta kila kabati likijaa. Na huyo babu alitoka wapi?

Mwana_Lubumbashi: Kwa sokwe wa kusini-mashariki mwa Kameruni. Kinyesi chao kiliokotwa porini, virusi vilivyomo vikasomwa, vikafanana na VVU. Huku kwetu Lubumbashi vililetwa na treni. Mwishoni mwa miaka ya 1940 abiria zaidi ya milioni moja kwa mwaka walipita Kinshasa. Babu yangu alikuwa mmoja wao, na sanduku lake la bati bado tunalo.

Fundi_Maabara: Asanteni. Mpwa kashaniuliza kuhusu korona, ngoja nijifiche kwanza.