Programu ya kuharakisha hifadhidata imetusimamishia depo saa nne asubuhi

Ndugu zangu mnaotunza hifadhidata,

Ninawaandikia kutoka Lubumbashi nikiwa na hasira ya miezi miwili. Ninatunza kompyuta za depo ya dawa inayouzia maduka ya hapa mjini, katika komuni za Kenya, Katuba na Ruashi. Mauzo yote yamo katika hifadhidata ya PostgreSQL, na jedwali la ankara limekwisha kupita mistari milioni 3. Ripoti ya mauzo ya siku ilikuwa ikichukua sekunde 40. Patroni akachoka kusubiri, tukalipia kwa dola programu inayojinadi kwamba hutafuta maswali mazito (maombi ya data yanayochukua muda mrefu), huyapatia dawa na kuitia yenyewe bila mtu kugusa kitu.

Jumanne ya kwanza, saa nne asubuhi, wanunuzi wakiwa wamejaa mbele ya kaunta, programu hiyo iliamua kutengeneza faharasa mpya (orodha iliyopangwa ya kuipata mistari haraka) kwenye jedwali la ankara. Iliitengeneza kwa njia ya kawaida, ambayo katika PostgreSQL huwaacha watu wasome lakini humzuia kila anayetaka kuandika hadi kazi iishe. Wauzaji wetu walibaki wakikodolea macho skrini huku foleni ikifika barabarani. Njia ya kutengeneza faharasa bila kuwazuia wanaoandika ipo tangu toleo la 8.2, la mwaka 2006.

Nilipolalamika nilijibiwa kwamba kipo kitufe cha kuchagua njia hiyo, na kosa ni langu kwa kutokibonyeza. Haya, nikakibonyeza. Wiki iliyofuata umeme ulikatika faharasa ikiwa katikati ya kutengenezwa, na betri ya seva ikaisha kabla jenereta haijawaka. Wanaoijua PostgreSQL wanajua kinachoweza kubaki hapo: faharasa batili, isiyosaidia kusoma swali hata moja, lakini inayoendelea kuandikwa kila mstari mpya unapoingia. Programu haikuitambua. Iliona swali bado ni zito, ikatengeneza faharasa ileile kwa jina jingine. Leo jedwali hilo moja lina faharasa 14, zote zikidai sehemu yake kila ankara inapoandikwa, na kaunta ambayo haikuwa na tatizo lolote sasa inakwenda kwa kusuasua.

Kinachoniudhi kuliko yote ni ripoti ya kila Jumatatu, iliyopakwa rangi ya kijani, inayodai kwamba swali letu limeharakishwa kwa asilimia 94. Niliuliza sekunde hizo zilipimwa wapi. Hazikupimwa popote. Asilimia hiyo inatokana na makadirio ya gharama yanayotolewa na amri ya EXPLAIN, inayoonyesha jinsi hifadhidata inavyopanga kulijibu swali, na gharama hiyo si sekunde wala milisekunde: ni kipimo cha kukubaliana tu, ambacho ndani yake, usipobadilisha mipangilio, kusoma ukurasa mmoja (kipande cha data kwenye diski) kwa mfululizo huhesabiwa 1 na kusoma ukurasa wa kurukiaruki huhesabiwa 4. Dereva akiniambia tumefika Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kwa sababu alikadiria kwamba saa hizi tungekuwa tumefika, je, nimlipe nauli?

Na swali lenyewe lilikuwa na ugonjwa gani? Nililifungua usiku mmoja, nikakuta aliyeliandika (ninamfahamu, ni mimi) ameiweka safu ya wakati wa mauzo ndani ya kitendakazi kinachokata saa na kubakiza tarehe, kisha akailinganisha na tarehe ya leo. Faharasa ya safu hiyo ilikuwapo siku zote, lakini imepangwa kwa wakati kamili, haijapangwa kwa matokeo ya kitendakazi, kwa hiyo hifadhidata ilikuwa ikisoma jedwali zima kila mara. Nilibadilisha sharti moja tu: wakati uanzie usiku wa manane wa leo na uwe kabla ya usiku wa manane wa kesho. Ripoti sasa hutoka chini ya sekunde 1. Kati ya faharasa zote ilizoziongeza programu ile, hakuna hata moja iliyohitajika.

Sisemi kwamba kila chombo cha namna hii ni utapeli. Azure SQL, huduma ya hifadhidata ya Microsoft, ikiruhusiwa kutengeneza faharasa yenyewe, hupima hali baada ya badiliko na kuliondoa lisipoleta nafuu. Kwa upande wa PostgreSQL kuna HypoPG, programu-jalizi inayokuwezesha kujaribu faharasa ya kudhania bila kuandika chochote kwenye diski. Hao tuliowalipa hawakupima na hawakurudisha kitu nyuma. Nimewadai fedha yetu. Wamenijibu kwa kunipa punguzo la mwezi ujao.

Sasa ninataka kuzifuta faharasa hizo. Ili kujua zisizotumika, ninaangalia pg_stat_user_indexes, mahali PostgreSQL inapohesabu kila faharasa imetumika mara ngapi, lakini seva ikizimika ghafla hesabu hizo huanza upya kutoka sifuri, na hapa kwetu umeme haupiti wiki bila kukatika. Aliyewahi kuifanya kazi hii katika mazingira kama yetu anieleze alizitunzaje hesabu zake, na alisubiri muda gani kabla ya kuiamini sifuri anayoiona.