Ukoo wa Mingoyo: nyoka kwenye mkorosho

Mama Zuhura: Asalam aleykum ndugu zangu, aliye karibu na kwa bibi aje haraka, kuna nyoka wa kijani kwenye mkorosho wa uani na watoto walikuwa hapo chini wanaokota mabibo, nimewaingiza ndani wote ila natetemeka mpaka sasa

Mama Zuhura: [picha]

Bakari: Waleykum salaam. Shemeji huyo ni mamba wa kijani, yule nyoka wa sumu! Nakuja na panga

Mjomba Saidi: Bakari acha panga. Mama Zuhura usisogee, ukiwa hukohuko vuta kamera upige kichwa na shingo

Mama Zuhura: [picha] Mrefu kama mita hivi mjomba, unene wa kidole gumba

Mjomba Saidi: Alhamdulillah. Hayo madoa meusi ya shingoni mnayaona? Na jicho kubwa lina rangi ya dhahabu. Huyo ni ukukwi, hana sumu. Mamba wa kijani ni kijani kitupu hana doa, jicho dogo, na akikomaa anakaribia mita 2. Miaka yote niliyokuwa naingia msitu wa Rondo hawa ukukwi nimewaona mno, wanapanda gome la mti kama wana kucha, kumbe ni magamba ya tumboni yana kingo pembeni ndo yanashika. Chakula chake mijusi kafiri, vinyonga na vyura, mtoto wa mtu hana shida naye

Bakari: Sasa mjomba akivimbisha shingo vile? Juzi kuna mmoja kafanya hivyo nikampiga

Mjomba Saidi: Anatishia tu mwanangu, anaogopa. Umeniumiza kweli, maana huyo hakukukosea kitu. Tunawaua kila msimu wa korosho kwa sababu ya rangi tu

Mama mdogo Asha: Kwahiyo kaka watoto wanaweza kumshika?

Mjomba Saidi: HAPANA Asha. Kuna mwingine wa mitini naye anakuwa kijani ana jicho kubwa hivyohivyo, ila kichwa kifupi, huyo sumu yake inamwaga damu. Mwaka 1957 kule Chicago bingwa wa nyoka Karl Schmidt aling'atwa na mdogo tu wa aina hiyo, akaona si kitu, kesho yake akafariki. Bingwa huyo! Kwahiyo wa kijani yeyote haguswi na hapigwi, unampisha. Na akimuuma mtu ni hospitali moja kwa moja, mambo ya kuchanja na jiwe la nyoka hapana

Mama Zuhura: Nimekuelewa mjomba. Bibi naye anasema enzi zao walikuwa wanamwita ukukwi hivyohivyo, hawakuwa wanamuua

Bakari: Basi panga nimerudisha. Nakuja tu kuwahamishia watoto mkorosho wa kule barabarani

Mama Zuhura: [picha] Jamani kakamata mjusi kafiri, anammeza hukohuko juu