Naomba ushauri: samaki wa mtoni wanaojibandika kwenye mawe

Habari zenu wakuu. Niko Morogoro, nina tangi la kioo la lita 120. Botia, samaki wa mapambo wa Indonesia, ni wazuri, ila hukua hadi sentimita 30, hapo hawatoshi. Ninaowatamani ni wa mito yetu, Chiloglanis, jamaa wadogo wa kambare wenye mdomo wa duara unaonata kwenye mawe, maji yakienda kasi.

Mwaka jana nilipewa wawili, nikawaweka kwenye maji yaliyotulia, tena ya uvuguvugu. Asubuhi niliwakuta juu wanahema kwa shida, jioni wamekufa. Iliniuma sana.

Aliyewahi kuwafuga anisaidie: pampu ya nguvu gani? Niwalishe nini? Na kibali cha kuwavua naanzia ofisi gani?