Steam Deck sebuleni badala ya PS4: picha ina ukungu, pedi inachelewa. Niiuze au nivumilie?

BabaNasra, Tanga

Wakuu, salaam. Naombeni ushauri, maana hapa nyumbani jambo hili limekuwa mjadala wa kila jioni.

PS4 yetu ilikufa mwezi wa Ramadhani baada ya kupitia mikono ya mafundi wawili. Shemeji yangu aliyeko Dubai akaniachia Steam Deck yake, ile kompyuta ya magemu ya kushika mkononi, ya kioo cha LCD, GB 256. Ukiishika mkononi sina neno, kila kitu kinakwenda laini. Lakini nina watoto watatu, na kioo cha inchi 7 hakigawanyiki. Nataka ikae chini ya TV na pedi mbili, tuwe tunacheza wote mkekani kama zamani.

Nikanunua doki ndogo ya bei nafuu, kile kifaa cha kuiunganisha na TV, yenye tundu la HDMI, USB mbili na tundu la chaji. TV yangu ni inchi 50 ya 4K. Picha inatoka, ila ina ukungu, maandishi madogo hayasomeki. Ukibonyeza kitufe mchezaji anaitika baadaye, na hata kwenye menyu tu mambo yanajivuta. Halafu chaji inashuka huku chaja imechomekwa: tunaanza na asilimia 90, saa mbili baadaye tuko 60. Chaja ninayotumia ni ya simu, imeandikwa wati 67, kwa hiyo sidhani kama ni ndogo.

Juu ya yote, kijana wangu mkubwa wa miaka 14 amehangaika na FC 25, lile gemu la mpira, haifunguki kabisa.

Mama Nasra anasema niuze, niongeze hela, nichukue PS4 nyingine yaishe. Mimi moyo unasita. Magemu ya Steam, duka lake la mtandaoni, yakishuka bei yanashuka kweli, na huku kwetu umeme ukikatika hii haizimi. PS4 ilizimika katikati ya gemu mara nyingi mpaka diski yake ikaharibika, na naamini hicho ndicho kilichoiua. Nyinyi mliopita njia hii mnasemaje?

kisauni_moto, Mombasa

Usiuze ndugu yangu. Hiyo doki ndiyo mbaya, mashine haina makosa. Subiri wajuzi waje.

Kasri7

Baba Nasra, matatizo yako matatu ya kwanza yanatibika, na mawili kati yake hayahitaji hata shilingi.

Nianze na pedi kuchelewa. Doki nyingi za bei ya chini zina HDMI ya kizazi cha 1.4. Hiyo kwenye 4K haivuki picha 30 kwa sekunde. Deck ikiona TV ni ya 4K inaipelekea 4K, na hapo umeshafungwa kwenye 30, menyu na gemu pia. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kioo, zima ile inayochagua ukubwa wa picha yenyewe, halafu weka 1920x1080 na 60Hz, yaani picha 60 kwa sekunde, kwa mkono wako. Kwa doki hiyo hiyo na waya huo huo utaona tofauti papo hapo. Doki ya Valve wenyewe, watengenezaji wa Deck, ina HDMI 2.0 na inatoa 4K kwa 60, lakini hata ungekuwa nayo ningekuambia ubaki 1080.

Nusu ya pili ya ucheleweshaji iko kwenye TV. TV za sasa huipokea picha, huilainisha, huiongezea rangi, ndipo huionyesha, na kazi hiyo inakula muda. Ukiangalia taarifa ya habari huwezi kujua. Ukiruka shimo kwenye gemu unatumbukia. Chukua rimoti, ingia kwenye mipangilio ya picha, utafute palipoandikwa Game Mode, uwashe. TV nyingi hukumbuka mpangilio huu kwa kila tundu la HDMI peke yake, kwa hiyo ukihamishia waya tundu la pili utaona ugonjwa umerudi.

Sasa ukungu. Kioo cha Deck ni 1280x800, yaani pikseli milioni moja na kidogo. 1080 ni milioni mbili. 4K ni milioni nane na ushee. Chipu iliyomo ni ya AMD na inatumia wati 15 tu ikiwa imekaza kabisa, huwezi kuitwisha mzigo mara nane ukategemea itembee. Kwa hiyo mashine huchora gemu kwa kipimo cha kioo chake kidogo, halafu huivuta ijae TV. Ndio ukungu unaouona.

Kwa magemu mepesi dawa ipo: fungua sifa za gemu husika ndani ya Steam, tafuta ukubwa wa picha ya gemu, weka 1920x1080. Stardew Valley, Hades, Vampire Survivors na yale ya katuni ya watu wawili au watatu yatang'aa kabisa. Kwa mazito kama Elden Ring au Red Dead Redemption 2 usijisumbue. Yaache 1280x720, funga fremu kwenye picha 30 kwa sekunde, kisha washa FSR, ile inayonoa picha iliyovutwa, kwenye menyu ya haraka, ile ya kitufe cha nukta tatu. Ukikaa mita mbili na nusu kutoka kwenye TV utaridhika. Ukisogea karibu utaona mapengo.

Pedi za PS4 iliyokufa usizitupe, zinafanya kazi vizuri sana hapa, kwa waya au kwa Bluetooth. Menyu ya haraka unaifungua kwa kubonyeza kitufe cha PS pamoja na X. Na watoto wakilalamika kwamba pedi moja haichezi, ujue Deck inazihesabu na zile pedi zake za pembeni kuwa ni mchezaji wa kwanza. Kwenye menyu hiyo kuna sehemu ya kupanga upya nani wa kwanza, nani wa pili.

Muscat77

Hilo la chaja niachieni, liliwahi kunisumbua wiki nzima.

Wati 67 zilizoandikwa kwenye chaja ya simu mara nyingi ni kwa simu ya kampuni hiyo hiyo tu. Chaja na simu wanaongea lugha yao ya siri. Ukichomeka kifaa kingine, inashuka mpaka wati 18 au 27. Deck inaongea lugha ya USB PD, utaratibu wa chaji wa wote, na inaomba volti 15 kwa ampea 3, yaani wati 45. Soma maandishi madogo nyuma ya chaja. Usipoona PD na mstari wenye 15V 3A, hiyo haikufai.

Na kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui: doki nayo inakula. Inajikatia sehemu yake kabla ya kuipitisha kwa Deck. Ukiweka chaja ya 45 kwenye doki ya kubahatisha, kinachofika ni pungufu. Tafuta chaja ya laptopu ya Type-C yenye wati 65, ya PD. Hizo zimejaa madukani na bei yake si ya kutisha.

Ukishapata chaja nzuri, ingia kwenye mipangilio ya umeme uweke kikomo cha chaji asilimia 80. Kipengele hicho kimekuja na SteamOS 3.7, mfumo wa Deck, mwaka 2025, kwa hiyo sasisha mfumo kwanza. Betri inayokaa kwenye 100 siku zote, tena kwenye joto la pwani, inachakaa mapema.

Jembe_Ubungo

Mimi nitasema tofauti, na nasema kwa nia njema.

Niliuza yangu. Nyumba yangu ni nyumba ya mpira. Wadogo zangu watatu, jirani na mtoto wake, wote wakija wanataka FC na hawataki kusikia gemu nyingine. Na FC ndiyo hiyo haiwezekani. EA, wenye gemu hilo, wameweka programu yao ya kuzuia udanganyifu ambayo haifanyi kazi kwenye Linux, na mfumo endeshi wa Deck ni Linux, si Windows. Hakuna mpangilio wa kugusa, hakuna ujanja wa kijana wa mtaani. Ndivyo ilivyo pia kwa Fortnite na Valorant. GTA Online ilikuwa ikicheza, wakaweka BattlEye, nayo ya kuzuia udanganyifu, Septemba 2024, ikafungwa, imebaki ile ya hadithi tu. Apex Legends nayo ilifungiwa Linux mwishoni mwa Oktoba mwaka huo huo.

Kwa hiyo Baba Nasra, kabla ya kununua chaja wala doki, kaa na kijana wako umuulize: ni FC tu, au ni kucheza pamoja? Jibu likiwa FC, Mama Nasra ana hoja.

Kasri7

Jembe yuko sahihi na nashukuru amelisema. Nilitaka kulifikia hilo. Proton, ile tabaka inayofanya magemu ya Windows yatembee kwenye Linux, imefanya makubwa tangu ilipotoka 2018. Lakini mwenye gemu akikataa kufungua mlango, Proton haiwezi kuuvunja. Watu huweka Windows kwenye Deck, na Valve wametoa madereva yake, ila utapoteza kile kinachoifanya iwe kama konsoli: kuilaza na kuiamsha kwa kitufe kimoja, menyu ya pedi, yote. Kwa sebule yenye watoto sikushauri.

Ila kwa magemu ya mapigano hapajaharibika. Tekken 8 na Street Fighter 6 zinacheza.

Bi_Pili, Zanzibar

Kaka yangu, mimi ni mama wa wawili na Deck iko sebuleni kwangu mwaka wa pili sasa. Yangu machache.

Isikae ndani ya kabati la TV. Inavuta hewa kwa nyuma na kutoa moto kwa juu. Valve wenyewe wamesema ifanye kazi penye joto la 0 mpaka 35, na sote tunajua Januari ya pwani ilivyo. Na jingine, naomba usinicheke: kitambaa. Mimi nilikuwa na vile vitambaa vya kufuma, kila kifaa sebuleni lazima kifunikwe. Siku moja nikarudi nikakuta mwanangu anacheza, kitambaa kimeziba tundu lote la juu, feni inalia kama mashine ya kusaga. Namshukuru Mungu haikuungua. Mwambie wifi yangu hii moja ibaki wazi.

Watoto wafungulie akaunti zao kwenye Steam, kisha uwaunganishe kwenye familia. Utaratibu huu upo tangu Septemba 2024, watu mpaka sita. Gemu ulizonunua wewe nao wanazicheza, na kila mmoja maendeleo yake yanabaki yake. Unaweza kuwawekea saa za kucheza kwa siku, na wakitaka kununua kitu ombi linakuja kwako. Wangu wana saa moja siku za shule. Ikiisha imeisha, na ugomvi umepungua kwa sababu si mimi ninayezima.

kisauni_moto, Mombasa

Nimerudi na moja la bando. Kama rafiki yako ana kompyuta yenye Steam na gemu lile lile, chukua Deck uende kwake, muunganishe ruta moja. Steam itanakili gemu kutoka kompyuta yake badala ya kulishusha kutoka intaneti. Mimi nilichukua GB 100 na zaidi kwa njia hiyo nikiwa nakunywa chai. Lazima umiliki gemu, au liwe la familia yako.

Na memori kadi ukiiandaa ndani ya Deck, usiichomeke kwenye kompyuta ya Windows ukakubali inapokuuliza kama iifomati. Windows haisomi kadi hiyo, itakuambia haina kitu, nawe ukibonyeza ndiyo umefuta kila kitu.

BabaNasra, Tanga

Wakuu, imepita wiki na siku tatu, narudi kutoa taarifa kama nilivyofundishwa.

Kweli ilikuwa 30Hz. Nilipoweka 1080 na 60 na kuwasha Game Mode, binti yangu wa kati alidhani nimeleta mashine nyingine. Chaja nimepata ya wati 65, PD, 15V 3A imeandikwa wazi. Jana tumecheza saa tatu, chaji ikabaki palepale. Doki ni ile ile, sijabadilisha.

Ukungu umepungua sana kwenye magemu mepesi. Red Dead nimeiacha 720 na FSR kama Kasri7 alivyosema. Uso wa mtu aliye mbali bado unachezacheza, nimekubali.

Kwa FC nilikaa na kijana, Jembe, kama ulivyoshauri. Nilimweleza kwa nini haifunguki, mpaka na habari ya Linux. Alinyamaza, kisha akasema Jumamosi ataendelea kwenda kucheza kwa mjomba wake, huku nyumbani anataka Tekken. Nikaona ametoa jibu la mtu mzima kuliko nilivyotegemea. Hela ya kuongezea PS4 nimeirudisha kwa Mama Nasra.

Juzi usiku umeme ulikatika wakiwa Tekken, raundi ya mwisho. TV ikazima. Wakanyamaza wote, maana wamezoea kwamba hapo ndipo kila kitu kinapotea. Nasra akachomoa Deck kwenye doki, na gemu iko pale pale kwenye kioo kidogo. Wawili wakakaza macho na pedi zao, wa tatu akawashikia Deck kwa mikono miwili mpaka raundi ikaisha.

Bi Pili, kitambaa kilikuwepo. Kimeondolewa.