Maji yanachemka kwa nyuzi 85? Msaada wa hesabu wakuu

Kaka_Dogo
Wakuu habari za jioni. Mdogo wangu yuko form two, kaniletea maswali matatu ya likizo nikajitia najua, sasa nimebanwa na yeye ananiangalia tu. La kwanza la joto, F ni Fahrenheit na C ni Selsiasi, F = 9C/5 + 32, wanataka C ibaki peke yake. Nikaipeleka 32 ng'ambo ikawa toa, nikageuza 9/5 ikawa 5/9, jibu C = 5F/9 - 32. Dogo akachukua kalkuleta akaweka F = 212 ambapo ndo maji yanachemka, ikatoka 85.8 badala ya 100 😂. La pili ni la lenzi, 1/f = 1/u + 1/v, tafuta u. Hilo nikaona mteremko, nikapindua vyote ikawa f = u + v, kwa hiyo u = f - v. La tatu 5 - 2x > 11, mimi nina x > -3 ila nyuma ya kitabu wameandika x < -3. Kitabu kimekosea au ni mimi?

Chapati_Mbili
Kitabu kiko sawa mkuu 😂 na hilo la lenzi lifute haraka kabla mwalimu hajaliona

Fundi_Namba
Achana na hiyo ya "ikivuka inabadilika alama", ndo inaponza wengi. Namba haivuki kwenda popote, unafanya jambo lilelile pande zote mbili, basi. Sasa iangalie C kama mzigo nyuma ya bodaboda, imefungwa kwanza na mara 9, ikaja gawa kwa 5, kamba ya mwisho kabisa ni ile + 32. Ukifungua unaanza na kamba ya juu. Toa 32 kote, F - 32 = 9C/5, halafu zidisha 5 gawa 9, ila ni upande WOTE wa kushoto siyo F tu, unapata C = 5(F - 32)/9. Weka 212 sasa, toa 32 ni 180, mara 5 ni 900, gawa 9 ni 100. Ulichokosea ni mabano tu, 32 uliinyima mgao wake.

Mama_Kachumbari
La lenzi usipindue kipande kimoja kimoja jamani. Nusu jumlisha nusu si ni 1? Pindua kila kimoja uone, eti 2 + 2 = 1. Mimi huwa naziondoa sehemu kwanza, zidisha kila kipande kwa fuv inakuwa uv = fv + fu. Hapa ndo watu wanakwama maana u iko mara mbili, mtu anagawa kwa v anaandika u = f + fu/v anafunga daftari wakati u bado imejificha kulia. Zikusanye upande mmoja, uv - fu = fv, itoe u nje ya mabano, u(v - f) = fv, kwa hiyo u = fv/(v - f). Jaribu f 10 na v 30, inatoka 300/20 yaani 15. Ya kwako inatoa -20.

Pwani_Bara
La tatu: ukigawa au kuzidisha kwa namba hasi, ile alama ya kubwa/ndogo kuliko inageuka. 5 ni kubwa kuliko 2, sawa, lakini mwenye deni la elfu 5 na mwenye deni la elfu 2 nani ana afadhali? Ukiogopa kusahau usigawe kwa hasi kabisa, jumlisha 2x pande zote: 5 > 11 + 2x, toa 11, -6 > 2x, -3 > x, ndo ileile ya kitabu. Na huko kujaziliza kilichotolewa ndiko mwanahisabati Al-Khwarizmi wa Baghdad alikuita al-jabr karne ya 9, jina la aljebra limetoka hapo. Afu hakiki, jibu lako linaikubali x = 0, sasa 5 ni kubwa kuliko 11? Wapi.

Kaka_Dogo
Dah asanteni sana. Ila dogo kaongeza lake, ingekuwa ax > b je? Nimemwambia x > b/a.

Fundi_Namba
Kakutega huyo. Hujui a ni chanya au hasi. Ikiwa chanya x > b/a, ikiwa hasi x < b/a, ikiwa 0 usithubutu kugawa, inabaki 0 > b tu: b ikiwa hasi x yoyote inakubali, b ikiwa 0 au chanya hakuna x inayokubali.

Kaka_Dogo
Sawa mkuu. Lile la lenzi nimelifuta, ila niliandika kwa wino, ukurasa umetoboka.